Sanduku la Waamuzi

Ankara, 8 Novemba 1987

Baba yangu mpendwa, Fundi Durali,

Salamu nyingi kutoka bweni la chuo cha ualimu. Nakubusu mikono, wewe na mama. Mimi mzima, nakula, nasoma, na soksi navaa, mwambie mama asiniulize tena.

Baba, nina ombi, na nakusihi usiitupe barua jikoni kabla hujafika mwisho. Unajua kwamba tangu mwaka jana nalenga shabaha katika klabu ya hapa. Ni bastola ya upepo, mita kumi, na duara la katikati halizidi sana punje ya dengu. Mwezi wa Mei wanachagua wasichana wawili wa timu ya taifa. Kocha anasema naweza. Sisemi mimi, anasema yeye, na yeye hasifu hata chakula cha mkewe.

Kinachonikwamisha ni mkono. Bastola zote za klabu zimechongewa wanaume wa kulia wenye viganja kama sepetu. Mimi nashika kwa kushoto, mkono ule ule uliokuwa ukiuchapa kwa kijiko mezani miaka yote. Nikishika bastola yao kidole gumba hakina pa kukaa, kiganja kinacheza, jicho linaona kumi na karatasi inaandika nane.

Nitengenezee bastola, baba. Yangu mwenyewe. Masharti ni matatu tu. Isizidi kilo moja na nusu. Kifyatuo kisiachie chini ya uzito wa gramu mia tano. Na bastola nzima iingie katika sanduku la waamuzi: urefu sentimita 42, kimo 20, unene 5. Siku ya shindano wanaitumbukiza mbele ya macho yako, na isipoingia hupigi.

Nimekuchorea kiganja changu nyuma ya karatasi hii.

Bintiyo,
Nazife


Kayacık, 21 Novemba 1987

Binti yangu Nazife,

Barua imefika. Nimeisoma mara tatu, ya tatu kwa sauti ili mama yako asikie ulivyopotoka.

Nina miaka thelathini na minne natengeneza bunduki za kuwindia. Watu wanatoka Izmir na viatu vyao vya mjini kuja kunisubiri kwenye theluji. Ile yangu ya mitutu miwili iliyoko ukutani, hata mkuu wa mkoa aliitaka, nikamwambia, mheshimiwa, hiyo haiuzwi, kunywa chai yako. Leo mwanangu wa kumzaa ananiomba kitu cha kupuliza upepo cha kuulia karatasi! Hebu niambie, karatasi imekukosea nini?

Halafu unanitajia sanduku. Tangu lini bunduki ikapimwa kwa sanduku? Huku kwetu bunduki inatengenezwa kwanza, ikishakamilika ndipo sanduku linachongwa liifuate. Hao waamuzi wamesomea wapi?

Na lile la kijiko nimelisikia, usidhani limenipita. Ndiyo, nilikufukuza karakanani. Ulikuwa na miaka kumi na miwili, umeshika tupa yangu kwa kushoto, na majiliwa yetu yote ya kubania chuma yamefungwa kwa mtu wa kulia. Isitoshe ulikuwa unadai muhuri! Sheria ya hapa unaijua: anayepitisha tupa ya mwisho ndiye anayepiga muhuri wake kwenye chuma, na baada ya muhuri hakuna mkono mwingine unaogusa. Kayacık haijawahi kuona muhuri wa mwanamke. Basi, yameisha hayo.

Mchoro wako hauna maana. Mkono si karatasi. Tafuta udongo wa mfinyanzi, uushike kama unavyoshika bastola, uache ukaukie kivulini, uniletee kwa basi la Beyşehir. Sijasema natengeneza. Nimesema lete.

Babako,
Durali


Ankara, 6 Desemba 1987

Baba,

Mkono uko ndani ya kopo la biskuti, umefungwa kwenye skafu yangu nyekundu. Skafu irudi. Wenzangu bwenini wamecheka mpaka wakalia, wanauliza kama baba yangu amepanga kuniozesha kwa vipande.

Naona umesema hutengenezi. Sawa. Ila kwa mtu asiyetengeneza, umekuwa na haraka ya kunipa jina la basi.

Nakukumbusha sanduku, baba. Unene sentimita tano. Si sanduku letu, ni la waamuzi, halibembelezwi.

Nazife


Kayacık, 24 Januari 1988

Binti yangu,

Mkono umefika, kidole cha mwisho kimevunjika njiani, nimekigundisha. Mama yako ameukuta kwenye benchi asubuhi akapiga ukelele majirani wakaja na majembe.

Sasa nikwambie ukweli: upepo ni mshenzi. Baruti naijua, baruti inasikia amri. Mtu anavuta wenzo, anaubana upepo ndani ya silinda, akigeuka kuchukua kidonge cha risasi, nao umeshatoroka. Wiki tatu unavuja tu. Mkahawani wananiuliza, "Durali, pampu ya baiskeli imeiva?" Nilinunua ngozi ya kuzibia Beyşehir, ikavuja. Nikanunua ya Konya, ikavuja. Mwisho nikaona pale nyumbani kuna ngozi laini yenye mafuta ya miaka ishirini na mitano, haina kifani. Ni buti zangu za harusi. Nimekata ulimi wa buti la kulia, nikaifanya washa ya kuzibia silinda, ikakaa, upepo ukatulia tuli. Mama yako hajui, na hana sababu ya kujua.

Jana nimesimama mlangoni nikapiga vidonge kumi kwenye kifuniko cha kopo la jemu. Nikaenda kutazama, nikaona tundu moja. Nikasema, Durali umezeeka, tisa umekosa. Nikaingiza kidole. Mwanangu, vyote kumi vilikuwa humo! Niliketi chini nikacheka peke yangu. Kile kifuniko nimekiweka mfukoni, na kesho nakwenda nacho mkahawani tuone nani atataja baiskeli.

Mbao ya mshiko nimepata. Ni mzizi wa mti wa jozi, umekauka miaka thelathini, haupindi wala haunywi maji. Usiulize umetoka wapi.

Durali


(Karatasi iliyokunjwa ndani ya soksi, katika mfuko wa tarhana, unga wa supu)

Mwanangu kipenzi,

Nakuandikia mwenyewe kwa kalamu ya risasi, makosa utayavumilia. Baba yako asijue.

Bunduki haipo ukutani. Nimebaki kuona misumari miwili na doa jeupe. Mbao kavu iliyobaki karakanani ilikuwa na nyufa, na mbichi angesubiri miaka. Siku ya Jumanne alikaa anaitazama ile bunduki mpaka chai ikapoa. Akaishusha, akaibusu kitako kama anavyobusu mkate ulioanguka, akaenda nayo. Nikasikia msumeno. Nazife, mimi mtu huyu nimeishi naye miaka ishirini na mitano, sikuwahi kumwona anakata kitu kilichokwisha kamilika. Aliporudi aliniambia, "Döndü, jozi ya namna ile haizaliwi tena, basi na iende mkono mzuri." Mkono mzuri! Kausema hivyo mkono wa kushoto, mtu huyo!

Na buti lake la harusi limepotea ulimi. Anadhani sioni.

Kula supu. Soksi ni jozi mbili.

Mama yako Döndü


Ankara, 28 Februari 1988

Baba,

Supu imefika, soksi zimefika. Mwambie mama nimezivaa mpaka ndani kabisa.

Kocha anataka kukuona. Nimemwonyesha barua yako ya kifuniko cha jemu, akasema mzee huyo ama muongo ama bingwa. Nimemjibu, Kayacık hatuna waongo, tuna wenye majivuno tu.

Bunduki ya ukutani haijambo?

Nazife


Kayacık, 15 Aprili 1988

Binti yangu Nazife,

Bunduki ya ukutani haijambo, iko matengenezoni.

Leo Ijumaa baada ya sala nimepitisha tupa ya mwisho na kupiga muhuri. Nimempa dereva wa basi la Ankara aiweke miguuni pake, nikamwambia ikipata hata mkwaruzo asirudi kwa njia ya Kayacık. Gramu mia tisa na tisini. Kifyatuo nimekipima kwa mizani ya muuza dhahabu, gramu mia tano na kumi. Ukiishika, kiganja chako kitaingia kwenye mbao kama kimerudi kwao, maana nimechonga huku mkono wako wa udongo uko mbele yangu, hata kovu la kisu chini ya kidole gumba nimeliachia nafasi.

Sasa tazama ubavu wa kulia, juu ya kifyatuo. Huyo ni kware, wa fedha, nimempandisha juu ya chuma, si wa kuchora. Manyoya ya shingo peke yake ni siku kumi na moja. Sijawahi kumpa mtu kware wa namna hiyo, hata wale wa Izmir waliniomba kwa machozi. Nikaona, mwanangu atasimama mbele ya nchi nzima na kitu chenye ubavu mtupu kama bomba? Haiwezekani.

Na ndani ya mzigo kuna masanduku mawili. Dogo ni lako. Kubwa la mahameli ya kijani ni la waamuzi. Nimeona lao limebana mno, watu hao huenda hawana fundi. Nimewaongezea unene kidogo, kona nimefunga kwa meno yanayoumana, mkia wa hua, hakuna msumari hata mmoja. Wape kwa heshima, waambie ni zawadi ya Kayacık, wasihangaike kulirudisha.

Jumapili tunaanza kufunga. Nakuombea.

Babako,
Fundi Durali


Ankara, 15 Mei 1988

Baba na mama,

Nimechaguliwa! Pointi 379 kati ya 400. Nafasi zilikuwa mbili na ya pili ni yangu. Nilikuwa nimefunga, mate yamekauka, kidonge cha mwisho nimekipiga nasikia moyo masikioni, na bado kikaingia kumi. Bastola haikuniangusha hata mara moja. Walikuja kuishika mmoja mmoja, hata wale waliopigia za Kijerumani, wakauliza imetoka kiwanda gani. Nikasema, kiwanda cha baba.

Waamuzi wamelipenda sanduku lako.

Idi sitaweza kuja, kuna mazoezi. Msikasirike. Nawabusu mikono yote minne.

Nazife


Kayacık, 29 Mei 1988

Nazife,

Gazeti la Konya limefika na picha yako.

Kware wangu yuko wapi?

Durali


Ankara, 5 Juni 1988

Baba yangu,

Mazoezi ya Idi hayakuwapo. Nilibaki bwenini peke yangu na mlinzi wa lango, tukala halua yake. Niliogopa kuja na bastola ukaiona. Sasa umeiona, basi nikueleze yote.

Siku ya shindano niliiweka mezani kwa waamuzi. Mzee mmoja mwenye miwani akaiinua, akaizungusha, akasema, "Mashallah." Akaitumbukiza kwenye sanduku lake. Ikakwama.

"Haiingii, binti."

"Isukume kidogo, bwana mkubwa."

"Sisukumi mie. Natumbukiza tu."

Nikatoa lile lako la mahameli. Nikasema, baba yangu amewaletea hili, zawadi ya Kayacık. Baba, walicheka mpaka mmoja akavua miwani. Lakini yule mzee hakucheka. Alipitisha mkono kwenye kona zake, akasema, "Aliyechonga hili ni mtu mkubwa. Ila sheria ni lile bovu." Akaweka rula. Kware alikuwa amezidi milimita moja na nusu. Akatazama saa. "Una dakika ishirini na tano. Ama uazime bastola ya klabu, ama uondoe hicho kilichozidi."

Za klabu zilikuwa palepale, za kulia zote. Ningeshika moja ningepiga nane zangu, nikarudi chuoni, kware angebaki. Nilifikiri hivyo, sikufichi. Halafu nikakumbuka jozi ile imetoka wapi. Ndiyo, najua, usiniulize nimejuaje. Umekata bunduki yako ili nishike yangu, halafu mimi niiache mezani kwa sababu ya urembo?

Fundi wa ukumbi alikuwa anatengeneza madirisha, nikamwomba tupa. Jiliwa hakuna. Nikaifunga bastola kwa taulo, nikaibana magotini, nikaanza na mgongo wa kware. Nililia, machozi yanadondoka kwenye fedha, nayafuta, nasugua. Nilikuwa nasikia sauti yako ukiwakaripia mafundi wako: tupa inasukumwa, haikokotwi! Legeza kiwiko! Sikiliza chuma! Nikamalizia kwa dawa ya meno na soksi ya mama.

Yule mzee akapitisha kidole gumba juu yake, huku na huku. Akaniuliza, "Nani amekufundisha kushika tupa?"

Nikamwambia, "Hakuna. Nilikuwa nachungulia mlangoni."

Ikaingia, baba. Ikaingia bila kugusa huku wala huku.

Najua sheria. Nimepitisha tupa baada ya muhuri wako, nimekuvunjia heshima. Ukitaka bastola irudi, nitaiweka kwenye basi. Lakini sitasema najuta kupiga. Nilisimama pale na nikajua mimi ni mtoto wa nani.

Nazife


Kayacık, 19 Juni 1988

Nazife,

Siku tatu sikuingia karakanani. Mama yako aliniwekea chakula akakiondoa, akakiweka, akakiondoa. Nilikasirika, sitakudanganya. Nilitaka kuandika, irudishe.

Siku ya nne nikaingia karakanani, nikachonga sanduku la 42 kwa 20 kwa 5, kavu, bila mahameli. Michoro yangu ninayo. Nikatengeneza kware mwingine wa bati, kimo kilekile, nikamweka kwenye kipande cha mbao cha unene uleule wa bastola, nikatumbukiza. Akakwama. Nikageuza, akakwama. Uliniandikia mara mbili, mwanangu. Mara mbili! Nikajiona mimi mkubwa kuliko sentimita tano. Angekosea hivyo fundi wangu wa benchi ningemtimua aende kuchunga mbuzi.

Basi nikachukua lile gazeti na lenzi yangu ya kuchongea. Nimeitazama picha tangu asubuhi hadi adhuhuri. Nilikuwa natafuta wimbi. Mtu akisugua kwa pupa, bila jiliwa, tupa ya madirisha, magotini, lazima pawe na wimbi mahali. Pembe zinalala, katikati panabonyea. Nimetafuta kosa lako kwa macho ya adui.

Halipo.

Nikalipeleka gazeti mkahawani, nikaliweka mezani juu ya dhumna zao. Wakasema, Durali, ubavu huu mtupu mbona haufanani na kazi yako? Nikasema, si kazi yangu. Wakauliza, sasa nani kapitisha tupa ya mwisho? Nikawaambia jina. Nikaagiza chai ya kila mtu, nikakaa nao mpaka wakaizoea habari.

Kuhusu kware, usimlilie. Kware kazi yake ni kuruka, ameruka.

Bunduki ya ukutani unajua habari zake, na najua umejuaje, maana barua za mama yako zote hupitia kwenye soksi tangu tukiwa wachumba. Kwenye ile misumari miwili nimeutundika mkono wako wa udongo. Döndü analalamika unatisha wageni. Wageni na watishike, kisha waulize ni wa nani, nami niwajibu.

Ndani ya kifurushi hiki kuna vitu viwili. Cha kwanza ni tupa laini, mpini wake ni jozi iliyobaki, nimeuchonga kufuata udongo. Mtu wa kulia akiishika itamuuma. Cha pili kimefungwa kwenye skafu yako nyekundu. Nimekitengeneza kwa chuma cha ile ile bunduki, herufi zimegeuzwa kama muhuri unavyotaka, N yako na D yangu, ndogo kuliko zangu kwa nukta, lakini kina ni sawa.

Sheria ya Kayacık ni sheria. Weka bastola kwenye jiliwa la kweli, upige nyundo mara moja tu, usirudie. Chini ya muhuri wangu, si juu.

Fundi mwenzako,
Durali